Tunashinda Nisipokuwepo

Kambini, Jumapili, 2 Machi

Shemeji,

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo usitafute salamu hapa juu. Salamu ziko chini, ni za dada yangu na binti yenu. Wewe hustahili.

Jana tulikusanyika kambini kuzunguka redio ya mpishi, wanaume wazima tumeacha hata kufua nguo zetu. Nilikuwa nimeshinda juu ya kreni tangu asubuhi, shingo imekakamaa, nikasema leo angalau nitafurahi. Hata hatujakaa vizuri, tumefungwa. Kabla ya mapumziko, tena. Mpishi mwenyewe akazima redio kwa kutuonea huruma. Sasa tuko mkiani, mechi zenyewe zinahesabika, na tukiendelea hivi tunashuka daraja mbele ya wapinzani wetu wale wa bluu watucheke mpaka wajukuu zetu.

Na kitu cha kwanza nilichojiuliza, kabla hata sijamlaani refa: shemeji yangu alikuwepo?

Katibu wa tawi letu la mashabiki ameniandikia yote. Ulipokosa mechi ile moja kwa sababu ya kutengeneza friji la mchinjaji, tulishinda. Uliporudi, tukafungwa. Siku uliyochelewa kufika ukumbini tulikuwa tunaongoza, wee, ulipovuta kiti tu wakasawazisha. Tawi zima limekaa kikao, limekuona. Una nuksi, bwana. Tumekupenda, tumekuozesha dada, lakini nuksi ni nuksi.

Kwa hiyo mimi, Mwenyekiti wa tawi, ingawa niko huku porini najenga daraja la watu, nakufungia. Huruhusiwi uwanjani, wala ukumbini, wala redioni, wala kuchungulia televisheni ya kinyozi. Siku ya mechi kaa na mafriji yako. Na usijifanye hukupata habari kwa kuwa simu huku hazishiki: dereva wa lori la saruji atakupa barua hii mkononi.

Msalimie dada. Mbusu binti.

Mimi mwenye uchungu,
Mwenyekiti


Karakana, Jumatatu, 10 Machi

Mheshimiwa Mwenyekiti na shemeji yangu usiye na haya,

Hukumu nimeipokea. Sikati rufaa. Dereva wako alinisomea usoni nikiwa nimeshika bisibisi, akacheka mpaka akakaa juu ya friji la mteja.

Basi Jumamosi nimetii. Nimejifungia karakana, nimeshusha mlango, nimewasha kompresa kuukuu ile inayonguruma, ili nisisikie kelele za uwanjani. Nikasikia tu. Paa lote lilitetemeka. Nikajua moja. Baadaye tena, la pili. Mwenzangu, nilikuwa peke yangu na mafriji matatu yaliyofunguliwa matumbo, nikacheza! Nilicheza mpaka nikagonga kichwa kwenye rafu.

Wenzetu walipokuwa wanarudi walipita hapa nje wakipiga mlango makofi: "Fundi, kaa humo humo! Usitoke!" Katibu ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Nami nikawajibu kwa ndani, "Sitoki!" Walivunjika mbavu.

Baada ya wao kupita karakana ilikuwa kimya sana. Sijui kwa nini nakwambia hili. Miaka yote nimekwenda uwanjani na watu, nikarudi na watu, hata tukifungwa tunarudi tunagombana njia nzima. Sasa mimi ni mtu wa kupigiwa mlango.

Kazi imepungua kidogo. Friji la mchinjaji nililotengeneza limekufa tena, akaita fundi mwingine, na kwa yule linagandisha vizuri. Sina kinyongo. Nashangaa tu.

Dada yako hajambo. Binti anauliza daraja lako litaisha lini.

Mfungwa wako,
Fundi Friji


Kambini, Jumapili, 23 Machi

Shemeji wa dhahabu!

Tatu mfululizo! Tatu! Jana mpishi amepika mara mbili kwa furaha na msimamizi, yule mwenye uso wa saruji, amecheka nikaona meno yake kwa mara ya kwanza. Nimewasimulia watu wote hapa kambini habari zako. Wanajua kuna fundi mmoja huko mjini ambaye akikohoa upande wa uwanja tunafungwa. Wanaulizana, "Yule fundi yuko ndani?" Ndipo wanawasha redio.

Usithubutu kulegea. Ukiendelea kutokuwepo hivi, shemeji, si kubaki daraja tu, tutachukua na kombe.

Katibu anasema hukuonekana hata kwenye harusi ya mtunza vifaa wa tawi. Umezidisha adhabu, lakini mimi nakusifu. Askari mzuri halali.

Habari za mchinjaji achana nazo. Watu wa nyama hawana shukrani.

Mwenyekiti, mwenye roho nyeupe leo


Karakana, Jumatatu, 31 Machi

Shemeji,

Samahani. Najua mmefungwa juzi. Ni mimi.

Nilikuwa natoka kununua gesi, nikapita kwa kinyozi. Televisheni ilikuwa imewashwa. Haki ya Mungu sikusimama, niligeuza macho kidogo tu, nikaona jezi zetu, nikaendelea na safari. Kumbe ndiyo dakika ile ile. Kinyozi alipiga kelele nyuma yangu na nikajua bila kugeuka. Sijamwambia mtu. Nakwambia wewe kwa sababu ulinikataza kwa mkono wako na mimi nikakaidi.

Sasa sikiliza, usicheke. Nimeanza kujaribu na mambo mengine. Wiki ile nyingine binti alishikwa na homa. Dada yako anamkanda maji, mimi nimekaa kitandani hapo, homa haishuki. Nikasema hebu nitoke. Nikaenda kulala karakana. Asubuhi narudi, mtoto anakula uji, anaimba. Siku nyingine nimefika mlangoni, nikasikia dada yako anacheka na jirani, kicheko chake kile cha zamani. Muda mrefu hakucheka hivyo mbele yangu. Nikageuza. Kwa nini niingie nimharibie?

Ukipanga vitu vyote pamoja unaona vinakubaliana. Mchinjaji, timu, mtoto, mke. Nisipokuwepo vinanyooka. Hata sihuzuniki, ujue. Nimechoka tu kubishana na kitu kilicho wazi.

Skafu yangu nimempa mtunza vifaa, kama zawadi ya harusi. Kiti changu pale ukumbini, kile cha karibu na nguzo, mtakipa nani? Mfikirieni kijana wa Katibu. Vifaa vyangu vya gesi nimemwachia fundi wa jirani, ana watoto wengi.

Mechi ya mwisho, tarehe kumi na tisa, nitahakikisha sipo.

Fundi


Kambini, Jumatatu, 7 Aprili

Shemeji,

Haraka haraka, dereva ameshawasha lori.

NILIJUA! Nilipomsikia mtangazaji anasema tumefungwa nikamwambia mpishi, "Huyo amechungulia." Akabisha. Sasa nimemwonyesha barua yako, amenyoosha mikono. Lakini umesamehewa, kwa kuwa juzi umetulia na tumeshinda. Imebaki moja tu. Sare inatutosha. Tukifungwa, tumeshuka.

Kwa hiyo nakuomba, tena kwa magoti: siku hiyo usibaki mjini kabisa. Kwa kinyozi ni karibu mno. Nenda mbali. Nenda mbali kabisa, mahali ambapo hata upepo wa mpira haufiki. Ukifanya hivyo tawi litakukumbuka milele.

Mambo ya kiti tutaongea nikija. Na acha kumkimbia dada yangu, atakupiga kwa mwiko.

Mwenyekiti


Nyumbani, Ijumaa, 11 Aprili

Kaka,

Sijawahi kukuandikia barua ya hasira tangu nizaliwe. Hii ndiyo ya kwanza, isome umekaa.

Muacheni mume wangu. Wewe na Katibu wako na tawi lenu, muacheni.

Halali hapa. Akilala hapa, halali usingizi. Anakaa ukingoni mwa kitanda amevaa viatu. Hali. Nikimuuliza anasema ameshiba. Ameshiba nini? Karakana nimekwenda jana, hakuna vifaa. Kuta tupu. Fundi wa jirani akaniambia, "Shemeji, mwenzio kanipa vyote, nikadhani mnahama." Nimeona aibu, nikasema ndiyo, tunafikiria.

Juzi alinikalisha akaanza kunionyesha: cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiko hapa, hati ya nyumba iko hapa, fundi bomba wa kuaminika ni fulani. Kwa upole, kaka. Upole ule ndio ulionitisha. Mwanaume huyu tunagombana kila siku kuhusu taulo lenye maji kitandani, leo amelitundika na kulinyoosha.

Nikafua shati lake. Mfukoni nikakuta maandishi yako. "Nenda mbali kabisa." "Tawi litakukumbuka milele." Kaka! Hivi ulikuwa unamwandikia nani? Nilimuuliza, Jumamosi ya mechi unakwenda wapi? Akasema, "Mbali. Mambo yanyooke." Nikamuuliza utarudi lini? Akaniangalia tu.

Mimi nilidhani ni mpira. Kila mwaka akifungwa ananuna, nampikia, ananuna tena, yanapita. Lakini safari hii mnashinda na yeye anazidi kuzama. Nielezee wewe unayeuelewa huo mpira wenu.

Nimeongea na muuguzi wa kliniki. Anasema nimlete, tena upesi, na nisimwache peke yake. Mume wangu amekataa. Amesema akienda atawapotezea muda wagonjwa. Kwa hiyo sasa nakaa mlangoni na mtoto, najifanya nachambua mchele. Akitoka namfuata. Sokoni, karakana, kila mahali. Watu wanafikiri nina wivu. Waache wafikiri.

Nyie wanaume mmechekeana mpaka mmefika hapa. Mwambie kitu. Wewe anakusikia, sijui kwa nini.

Dada yako


Kambini, Jumatatu, 14 Aprili

Shemeji,

Dereva ana amri ya kukaa hapo mpaka umalize kusoma na umpe jibu. Usimfukuze. Ni mkaidi, ndiyo maana nimemtuma.

Dada ameniandikia. Nimetoa barua zako zote mbili nikazisoma upya, nikiwa juu ya kreni, kazi imesimama, watu wananipigia kelele huko chini. Mara ya kwanza nilizisoma nacheka. Nilimsomea mpishi kwa sauti ile sehemu ya binti na homa, na tulicheka wote.

Nitakuuliza swali na nitalitumia neno lenyewe, kwa sababu tumezunguka vya kutosha. Unataka kujiua?

Usinijibu kwa utani. Usiniambie umechoka tu. Ndiyo au hapana.

Sasa habari ya nuksi. Kipa wetu alirudi kutoka kuumia goti ile wiki niliyokufungia. Nilijua. Nilimsikia mtangazaji akisema. Mechi uliyochungulia kwa kinyozi, kipa alikuwa na kadi nyekundu, hakucheza. Hilo nalo nililijua, shemeji, nikakuandikia "NILIJUA!" kwa kuwa ilichekesha. Kwangu wewe ulikuwa kichekesho kizuri cha kupitisha wiki huku porini. Sikufikiri kwamba kuna mtu anaipokea barua, anakaa nayo karakana peke yake, anaiamini.

Homa ya mtoto hushuka alfajiri, muulize mama yeyote. Na dada yangu alicheka na jirani kwa sababu jirani yule ana vichekesho. Dada amenikasirikia mimi kwa jambo hili, usidhani anakucheka wewe.

Adhabu nimeifuta. Jumamosi unakwenda uwanjani. Mimi nakuja Ijumaa. Msimamizi amekataa ruhusa, nimemwambia basi atafute mtu mwingine wa kreni. Akabadilisha maneno. Tutakaa mimi na wewe na huyo Katibu, nitambana katikati yetu.

Na kama kukuona wewe umekaa pale ndiyo kushuka daraja, basi tushuke. Tufungwe kumi. Nimesema hivi mimi, Mwenyekiti, na dereva ni shahidi wangu.

Lakini kabla ya Jumamosi nenda na dada kliniki. Mimi sijui kutibu kitu, najua kunyanyua vyuma tu.

Shemeji yako


Karakana, Jumanne, 15 Aprili

Shemeji,

Huyu mtu wako amekaa mlangoni anakunywa maji yangu, haondoki kweli.

Jibu ni ndiyo.

Nimeandika hilo neno, nimeweka kalamu chini, nimetoka nje nikarudi. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Dada yako ananiuliza nakwenda wapi, wenzetu wananiuliza kama nimejifungia. Hakuna aliyetaja lenyewe. Nilidhani likitajwa nitakufa kwa aibu. Sikufa. Nimelia mbele ya dereva wa saruji, naye amejifanya anaangalia tairi.

Ya kipa nimeyaelewa kichwani. Lakini kichwa sicho kinachonisumbua. Usiku kinakuja kitu kingine, kinaniambia hata goti la kipa lilipona kwa sababu sikuwepo.

Kliniki nitakwenda kesho. Nimemwahidi dada yako, ameshavaa viatu tayari tangu leo.

Lakini Jumamosi ninaogopa, shemeji. Wewe unasema tufungwe kumi, wewe unasema kwa mdomo. Je, ikiwa kweli? Nikae pale, kipa yupo, kila kitu kipo, na bado tufungwe? Watu wale wote watageuza shingo waniangalie. Nitakwenda wapi na macho yale?

Uje kweli. Usiniambie lori limeharibika.

Fundi


Kambini, Jumapili, 27 Aprili

Shemeji,

Unataka kujiua? Jibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Nimerudi salama. Msimamizi hajanifukuza, amenipa zamu ya jua kali kama adhabu. Mpishi amefunika redio yake kwa kitambaa cheupe, anasema iko msibani. Hapa kambini nimewaambia watu yule fundi si kichekesho tena, ni shemeji yangu na anaumwa. Halafu fundi mbao mmoja, mtu mzima wa ndevu, alinifuata bombani akaniuliza anaumwa vipi, usingizi anapata? Aliuliza maswali mengi mno kwa mtu asiyekujua.

Sikuondoka vizuri Jumapili ile. Ulikuwa umegeukia ukuta. Nijibu.

Shemeji yako


Nyumbani, Jumapili, 4 Mei

Shemeji,

Naona umeanza barua zako kama askari wa mpakani. Nitajibu, subiri nifike.

Jumamosi ile uliiona mwenyewe, sikusimulii. Uliona walivyotufunga na mechi inakwisha, uliona uwanja ulivyonyamaza. Ulinishika mkono mpaka ukaniachia alama za kucha. Nilikuwa sisikii chochote. Nilikuwa nasubiri tu Katibu ageuze shingo. Akageuza. Nikajiandaa kwa lolote, na yeye akaniangukia kifuani akalia kama mtu aliyefiwa, na kamasi zake zote kwenye jezi yangu. Dada yako ameifua mara mbili.

Ambacho hukukiona ni baada ya wewe kuondoka. Jumapili hiyo na siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote, sikufichi. Kila kitu kilikuwa kimethibitika. Nilimwambia dada yako, "Umeona? Nilikwenda na tumeshuka." Akasema, "Nimeona. Mmeshuka. Amka ule." Nikamwambia hujanielewa. Akasema, "Nimekuelewa, na chakula kinapoa." Akakaa hapo hapo kitandani na sahani mpaka nikala. Kesho yake vilevile. Dada yako ni mtu mgumu, shemeji, mlimlea vibaya, namshukuru Mungu.

Kliniki nakwenda kila Jumanne. Kuna dawa, zinanikausha mdomo lakini usingizi ninaupata. Na kuna mama mmoja wa kuongea naye, hajui mpira hata kidogo. Aliniuliza kushuka daraja ni nini, nikamweleza karibu muda wote wa zamu yangu. Akauliza, hao wachezaji walikuwa wapi? Nikasema uwanjani. Na wewe? Nikasema jukwaani. Akasema, "Umbali gani?" Nikaanza kumwonyesha kwa mikono, nikajikuta nacheka, kisha ikawa si kicheko. Akanisogezea kikasha cha karatasi za kufutia.

Si kwamba nimepona. Juzi mteja mmoja amenirudishia friji, na kile kitu kikaanza tena kuongea. Niliondoka karakana nikaenda kukaa kwa dada yako sokoni, nikamwambia kimeanza. Alinipa vitunguu nimenye. Fundi wa jirani amenirudishia vifaa vyangu, kasoro koleo moja, anaapa hajaliona.

Jana Katibu alikuja karakana. Peke yake. Akasimama mlangoni anazungusha ufunguo kidoleni, anaongea habari za usajili, mara za jezi mpya, mara za mvua. Nikamwacha. Nimejifunza kumwacha mtu azunguke kidogo, lakini si sana. Mwishoni nikaweka bisibisi chini nikamuuliza, Katibu, unalala? Akasema analala sana. Nikamuuliza tena. Akakaa juu ya kompresa, akasema tangu kazi yake iishe mwaka jana anatoka nyumbani kila asubuhi na mkoba, anazunguka mjini mpaka jioni, mke hajui. Akasema alikuwa anatunza hesabu za nuksi yangu kwa sababu ilikuwa kazi pekee aliyobaki nayo.

Nikamuuliza lile swali lako, kwa neno lenyewe. Sijui wewe uliwezaje, shemeji. Aliinamisha kichwa, akasema ndiyo. Jumanne tunakwenda kliniki wote wawili, na leo mkewe atakuwa ameshaambiwa, nilimsindikiza mpaka mlangoni kwake nikasubiri nje.

Sasa swali lako. Leo, hapana.

Wiki ijayo uliza tena.

Fundi